Fani Peke Yake Haitoshi: Masomo ya Jumla Katika Vyuo vya Katavi

MIONGONI mwa malalamiko yanayosikika kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, lipo moja lisilo na makelele lakini lisilokoma. Mwanafunzi aliyekwenda kusomea ufugaji nyuki, kilimo au uongozaji wa watalii hujikuta analazimika kukaa darasani akifundishwa Taaluma za Maendeleo, Stadi za Mawasiliano, ujasiriamali na matumizi ya kompyuta. Huuliza: nyuki na nadharia za uchumi wapi na wapi? Mzazi wake, aliyeuza ng'ombe au karafuu ili kulipa ada, naye huuliza vivyo hivyo. Na siku hizi wamo hata wenye vyeo wanaosema kwamba masomo hayo ya jumla yapunguzwe, kama si kufutwa kabisa, ili kijana apate fani yake upesi akajitafutie riziki.

Sisi hatuafikiani na rai hiyo, na tungependa kueleza kwa nini. Lakini hatuwaungi mkono pia wale wanaoyatetea masomo hayo kama yalivyo sasa, kwa maana yalivyo sasa sivyo yanavyopasa kuwa. Tumeuchagua Mkoa wa Katavi na mji wake wa Mpanda kuwa mfano wetu, kwa sababu huko jambo hili linaonekana wazi kuliko pengine popote nchini.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akashangaa kwa nini tunamvusha bahari, kisha nchi kavu zaidi ya kilomita elfu moja, kumpeleka Mpanda. Sababu ipo. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Imo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya mwaka 1977. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inayoidhinisha mitaala ya shahada zinazosomwa Katavi ndiyo inayoidhinisha ile ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pale Tunguu. Kanuni moja ikibadilishwa, kijana wa Micheweni huguswa sawasawa na kijana wa Inyonga. Wala nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Babu zetu waliofuata misafara ya karne ya kumi na tisa walipita Tabora wakafika Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika, na wengine hawakurudi. Walioa, wakalima, wakazikwa huko.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Mji wa Mpanda wenyewe ni mkongwe zaidi, na asili yake ni funzo tosha kwa yeyote anayefikiri kwamba elimu ya fani moja inamtosha mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko, pamoja na fedha, shaba na dhahabu kidogo. Serikali ya kikoloni ikaona faida, ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilomita 210 kupitia misitu ya miombo, nalo likakamilika mwaka 1950. Watu walimiminika. Waliofundishwa kazi walifundishwa ile tu iliyotakiwa na mgodi: kuendesha mtambo fulani, kupima jiwe fulani, kuandika daftari fulani. Mnamo mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Reli ikabaki, watu wakabaki, na ujuzi ule ukakosa wa kuununua.

Sisi wa visiwani uchungu wa namna hiyo tunaujua. Miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu duniani, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, bei ilianguka na sisi tukaanguka nayo. Aliyejua karafuu tu alikaa kibarazani akingoja bei ipande. Aliyekuwa na maarifa ya kusoma, kuhesabu, kuandika barua na kuelewa dunia inakwenda wapi, huyo aligeukia jambo jingine. Kina mama wa Paje na Jambiani walipoanza kilimo cha mwani mwishoni mwa muongo ule, tatizo lao halikuwa kufunga mbegu kwenye kamba, maana hilo lilifundishika kwa siku chache. Tatizo lilikuwa, na mpaka leo bado lipo, kumwelewa mnunuzi, mkataba na bei.

Tuyatazame sasa masomo yenyewe na asili yake, kwa sababu wengi wanaoyalaumu hawajui yalikotoka.

Mwezi Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Jambo lililomkera halikuwa maandamano peke yake. Ni kuona kwamba vijana waliosomeshwa kwa jasho la wakulima hawakujua, au hawakutaka kujua, wakulima hao wanaishi vipi. Mwaka uliofuata, 1967, likatoka Azimio la Arusha mwezi Februari na andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi. Katika mijadala ya chuoni iliyofuata ndipo lilipokua wazo la somo moja la pamoja ambalo kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa sayansi au wa uhandisi, angelazimika kulisoma ili aijue jamii yake. Chuo kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo kulisimamia somo hilo. Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa na wasomi kama Walter Rodney, na mihadhara ya somo hili haikuwa ya kusinzia. Watu walibishana hadi usiku. Mtu anaweza kuyakataa mengi yaliyosemwa siku zile, na sisi wenyewe tunayo tunayoyakataa, lakini hawezi kusema kwamba mwanafunzi alitoka pale bila kujiuliza elimu yake ni ya nani.

Jambo hilo si la kwetu peke yetu. Nchini Marekani, ambako vyuo vya jumuiya vya miaka miwili vilianza na chuo cha Joliet mwaka 1901 na vikaenea sana baada ya ripoti ya tume aliyoiunda Rais Truman, iliyotolewa mwaka 1947, mwanafunzi anayetaka shahada ndogo hutakiwa kufikisha kiasi cha krediti 60. Mara nyingi theluthi moja ya krediti hizo au zaidi ni masomo ya jumla: uandishi, hesabu, historia, sayansi ya viumbe, fasihi. Anayesomea uuguzi husoma hayo. Anayesomea ufundi wa magari, akitaka shahada na si cheti tu, husoma hayo. Huko nako yapo manung'uniko kama ya kwetu, na kila baada ya miaka michache mbunge wa jimbo fulani huinuka kutaka yapunguzwe.

Ukilinganisha, mzigo wa kwetu ni mwepesi mno. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu nchini, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu basi ni krediti 360, yaani saa 3,600. Mwanafunzi akipewa kozi mbili za jumla zenye krediti 10 kila moja, ametoa saa 200, ambazo ni sehemu moja kati ya 18 ya muda wake wote. Nani basi ataamini kwamba sehemu hiyo moja ndiyo inayomchelewesha kijana kupata ajira? Wale wanaotaka kuifuta watueleze sehemu 17 zilizobaki zinafanya nini.

Hata hivyo lazima tuseme kweli juu ya jinsi saa hizo 200 zinavyotumika. Katika vyuo vingi somo la jumla hutupwa muhula wa kwanza, wakati mwanafunzi hajajua hata choo kiko wapi. Hukusanywa mamia katika ukumbi mmoja, wa fani zote pamoja. Mhadhiri, ambaye mara nyingi ndiye mgeni kuliko wote katika idara au ni wa kuazimwa, husoma kutoka karatasi zilizosomwa mwaka jana na mwaka juzi. Hatua tano za Rostow hukaririwa, maana ya maendeleo kwa mujibu wa fulani na fulani hukaririwa, kisha huja mtihani wa kuchagua jibu sahihi, na mambo yote huachwa chumba cha mtihani. Stadi za Mawasiliano nazo zimekuwa somo la sarufi ya Kiingereza kwa jina jingine. Kijana hufundishwa kuandika barua ya kuomba kazi kwa meneja asiyekuwapo, katika lugha ambayo mfugaji nyuki atakayefanya naye kazi kesho haisemi. Tukiwasikia wanafunzi wakilalamika juu ya hayo, tunawaelewa. Wanalalamikia kitu kibovu; kosa ni kudhani kwamba dawa ya chakula kibovu ni kufunga mwaka mzima.

Twende sasa Katavi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kina kampasi yake mkoani humo, iliyopewa jina la Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa mkoa huo aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Humo ufugaji nyuki umepewa nafasi ya mbele, na ni haki yake, kwa kuwa misitu ya miombo ya Inyonga na Mlele ni miongoni mwa nchi za asali zinazosifika. Kijana anayesomea nyuki huko atafundishwa maradhi ya nyuki, aina za mizinga, urinaji na usindikaji. Vyema. Lakini akimaliza, ataingia katika msitu ambao si wake. Sehemu kubwa ni hifadhi ya misitu au mapori yenye sheria zake. Ipo Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Atakutana na Mkonongo ambaye babu yake alitundika mizinga ya magome katika miti ileile kabla ya hifadhi kutangazwa. Atakutana na mfugaji wa Kisukuma aliyeteremka na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ambaye naye ana watoto wa kulisha. Atakutana na askari wa misitu. Hakuna somo la nyuki litakalomweleza namna ya kukaa na watu hao watatu chini ya mti mmoja wakaelewana. Ni masomo ya jumla ndiyo yangemweleza, kama yangefundishwa inavyostahili.

Au tuchukue Mto Katuma. Mto huu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na sasa ina eneo la kilomita za mraba 4,471, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi viboko hukusanyika kwa mamia katika madimbwi yaliyosalia, wakilaliana katika tope. Watalii huja kuona jambo hilo na kulipia. Lakini wanaoijua hifadhi wanasema kwamba madimbwi hayo yamepungua na mto hukauka mapema kuliko zamani, na sababu moja kubwa iko nje ya hifadhi: huko juu, wakulima wa mpunga wamechimba mifereji na kuziba maji. Sasa hebu tuwaweke pamoja wanafunzi wanne wa mkoa huo. Mmoja anasomea kilimo, naye amefundishwa kwamba umwagiliaji ndio ukombozi wa mkulima. Wa pili anasomea utalii, naye amefundishwa kwamba kiboko ni fedha za kigeni. Wa tatu anasomea wanyamapori, wa nne uhasibu wa serikali za mitaa. Kila mmoja ana haki katika fani yake, na kila mmoja akipewa madaraka peke yake atauharibu mto kwa namna yake. Pale pekee ambapo wanne hao hukutana darasani ni katika masomo ya jumla. Ni hasara kubwa wakikutana hapo ili wakariri Rostow.

Lipo jambo la tatu, zito zaidi, na tunaliandika kwa uangalifu. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi wakaingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yamo Mkoa wa Katavi. Walifyeka msitu, wakalima, wakalisha nafsi zao na kuuza ziada. Mwaka 2007 serikali ilifungua mlango wa uraia, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo hatimaye walipewa uraia wa Tanzania. Vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Ni tendo la ukarimu ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa kiasi hicho. Basi tuulize: bwana shamba kijana anayepangiwa Katumba, au muuguzi, au karani wa halmashauri, ameyajua hayo kutoka wapi? Asiyeyajua ataingia kijijini na kuwaita raia wenzake wakimbizi, na neno hilo moja litaziba masikio ya watu kwa lolote jema atakalolileta baadaye. Historia hii ndiyo Taaluma za Maendeleo ya Katavi. Haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Kuna waliowahi kuonyesha njia hata kabla ya vyuo hivi. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako sasa imejengwa bandari, aliishi mtu aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi karibu na Mto Niger, akatekwa angali mtoto na kupitishwa jangwani kama mtumwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, kisha akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 katika kijiji kimoja! Angeweza kubaki na utabibu wake wa Malta tu. Lakini alijifunza lugha ya wenyeji, akaoa kwao, hakuzidharau dawa zao, na akawa mwalimu wa dini na mshauri wa watu pamoja na kuwa mganga. Hatusemi kila mhitimu wa Mpanda awe Atiman. Tunasema kwamba kilichomwezesha kukaa huko na kuaminiwa miaka yote hiyo hakikuwa sindano peke yake.

Tena katika mkoa huohuo kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa shule za wananchi za Skandinavia, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Rødding, nchini Denmark, mwaka 1844 kutokana na fikra za Grundtvig. Shule zile hazikuwa na mtihani wala cheti. Mkulima alikwenda wakati wa baridi, akasoma historia ya nchi yake, akaimba, akabishana juu ya sheria, akarudi shambani. Vya kwetu navyo vilianzishwa hivyo: ufundi na kilimo, ndiyo, lakini pia siasa, uchumi na utamaduni, ili aliyetoka kijijini arudi kijijini akiwa na upeo mpana. Kadiri miaka ilivyopita ufundi ulichukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa cheti cha ufundi ndicho kinachoulizwa na mwajiri. Jambo la kutia moyo ni kwamba programu ya Elimu Haina Mwisho imewafungulia vyuo hivi wasichana waliokatizwa shule, wengi wao wakiwa wamekwisha kuwa mama, na humo wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi na stadi za maisha. Yeyote anayedhani kwamba masomo ya jumla ni anasa ya wasomi na amwulize mama mmoja kati ya hao kama angependa afundishwe ushoni tu.

Visiwani tuna la kujivunia na la kujisahihisha. Neno "amali", ambalo hapa tumelitumia miaka mingi kwa mafunzo ya ufundi na ambalo lina mamlaka yake yenye vituo Unguja na Pemba, sasa limevuka bahari. Mabadiliko ya Sera ya Elimu na Mafunzo yaliyotolewa mwaka 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Bara mwezi Januari 2024, yameigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Tulifurahi kuona neno letu limeheshimiwa. Lakini tulifurahi zaidi kuona kwamba aliye katika mkondo wa amali hakuachwa na ufundi mtupu; somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni lake pia, na hufundishwa kwa Kiswahili. Mwenye kupanga mtaala huo alikumbuka jambo ambalo wazee wetu walilijua. Katika Kiswahili cha kale neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu, na mtoto aliyepelekwa chuoni hakupelekwa kwa ajili ya herufi pekee. Alifundishwa na namna ya kuketi, kusalimu, kusema na kunyamaza. Swali ni kwa nini kanuni hiyo iwe kwa mtoto wa miaka 15, kisha akifika chuo kikuu iwe kero.

Tunawaandikia basi wakuu wa serikali, wa Bara na wa Zanzibar, kwa kuwa wakati ndio huu. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, uliopata Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, haukuwa wa majengo tu. Umehusu na kuhuisha mitaala, na ndani yake zimo Sokoine na SUZA pia. Mitaala ikifunguliwa, kila idara huja na orodha ya kozi mpya za fani yake, na pa kupata nafasi huwa ni palepale: masomo ya jumla, kwa sababu hayana mwenyewe wa kuyatetea katika kikao.

Tungeomba kwanza yasifutwe. Pili, yasiachwe muhula wa kwanza peke yake; yagawanywe, na sehemu moja ifundishwe mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwa ameshatoka mazoezini na ameona kwa macho yake mambo yanayomtatiza. Hapo hatauliza tena somo lina faida gani. Walimu wake wawe wa kudumu, wenye haki ya kupanda cheo kama wenzao, maana mwalimu anayejiona yuko njiani kwenda idara nyingine hataandaa somo jipya. Mtihani wa kuchagua jibu uondolewe, na badala yake mwanafunzi aandike taarifa ya jambo moja la wilaya anayosomea, aisome mbele ya wenzake na, ikiwezekana, mbele ya diwani wa kata. Nayo Stadi za Mawasiliano zifundishe Kiingereza, hatukatai, kwa kuwa vitabu vingi na wanunuzi wengi wa asali wako katika lugha hiyo. Lakini nusu ya somo iwe ni Kiswahili cha kuendesha mkutano wa kijiji, kuandika muhtasari, kufafanua sheria kwa asiyejua sheria. Tumewahi kusikia maofisa wenye shahada mbili wakishindwa kufanya hivyo, wakaishia kuchanganya lugha mpaka wananchi wakatazamana.

Kuna pia suala la anayepanda ngazi. Binti aliyesoma Msaginya, kisha akapata astashahada, kisha stashahada, akifika shahada hurudishwa kwenye kompyuta na mawasiliano kana kwamba hajapata kuyasikia. Huko ndiko kupoteza muda kwa kweli, na wanaotaka kuokoa saa waziokoe hapo. Baraza linalosimamia elimu ya ufundi na Tume inayosimamia vyuo vikuu wangekaa pamoja wakakubaliana ni yapi yahesabiwe yamekwisha somwa, ili muda uliookolewa uende katika jambo jipya, kama historia ya mkoa au sheria ya ardhi.

Gharama yake si kubwa kama tutakavyoambiwa. Kampasi ya Katavi haihitaji profesa kutoka mbali kuanza kufundisha Mto Katuma. Inahitaji basi moja la siku moja kwenda kwenye mifereji ya mpunga asubuhi na kwenye madimbwi ya viboko alasiri, na kijitabu cha kurasa 60 hivi kwa Kiswahili chenye habari za mgodi wa Uruwira, reli ya Kaliua, makazi ya Katumba, sheria za misitu na Atiman wa Karema. Kijitabu hicho kinaweza kuandikwa na walimu wa mkoa wenyewe kwa msaada wa wazee wachache walio hai. Na SUZA ikitoa chake cha karafuu, mwani na Msitu wa Jozani, vyuo viwili hivyo vibadilishane, ili kijana wa Pemba anayepanda treni ya Mpanda awe na cha kusoma njiani.